Kunoa ndoano bila kuiharibu: mwongozo kamili kwa mvuvi wa mshipi na migonzo

Sangara anagonga chambo, mshipi unakaza, halafu unalegea. Mara ya pili hivyohivyo. Mvuvi anavuta ndoano, anaiangalia, anasema imekuwa butu. Anachukua tupa ya kunolea panga, anaisugua ncha mpaka ing'ae. Akirudisha majini, sangara anaendelea kugonga na kuachia, na safari hii ncha inapanda juu ikiwa imekunjika. Basi anaondoka na imani kwamba kunoa ndoano ni kupoteza muda.

Hadithi hii naisikia Igombe, naisikia Kayenze, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, na vijana wanaovua sato kwenye miamba ya Luchelele wananiambia hiyohiyo. Kunoa si kupoteza muda. Ndoano kubwa ya kawaida ikinolewa vizuri inaweza kuwa kali kuliko ilivyotoka dukani. Shida ni kwamba ndoano karibu zote ninazoonyeshwa zimenolewa kupita kiasi: chuma kingi kimeondolewa, kwa tupa ya meno makubwa, mahali ambapo hapakuhitaji kuguswa. Kazi yenyewe ni ya misuguo michache sana. Ukishika hilo, mengine yote hapa chini yatakuwa rahisi.

## Inoe au itupe?

Jibu linategemea ndoano uliyonayo mkononi, kwa hiyo usiruke sehemu hii.

Ndoano kubwa za chuma cha kawaida, zile za sangara na kambare, noa. Waya wake ni mnene, una chuma cha kutosha kuchonga ncha mpya, na ncha zake za kiwandani mara nyingi huwa si kali sana hata zikiwa mpya. Usiamini pakiti. Fungua, pima, na ukiona butu, noa kabla haijaona maji.

Ndoano ndogo za sato na furu, namba 12 kwenda juu, tupa na uweke nyingine. (Kumbuka namba za ndoano: namba ikipanda, ndoano inakuwa ndogo, mpaka ufike kwenye zile za 1/0, 2/0 na kuendelea, ambako namba ikipanda ndoano inakuwa kubwa.) Waya wake ni mwembamba mno. Misuguo miwili ya tupa inatosha kumaliza nusu ya ncha, na utatumia muda mrefu kuokoa kitu cha bei ndogo.

Kuna ndoano ambazo kiwandani zimenolewa kwa kemikali. Utazitambua kwa ncha ndefu, laini, isiyo na mistari ya tupa, na kwa kawaida pakiti yake husema hivyo. Hizi zikiwa mpya usiziguse kabisa. Hakuna tupa ya mkono itakayoboresha ncha ile, na utaondoa utando mwembamba unaoikinga na kutu. Zikishagonga mwamba unaweza kuzigusa kidogo sana kwa msasa laini, basi.

Na kuna ndoano ambazo hazifai kuokolewa hata zikiwa kubwa kiasi gani: iliyofunguka kwenye kiuno (pale inapopinda), iliyoliwa na kutu mpaka ikawa na vishimo, yenye ufa, au ile ambayo imenolewa mara nyingi mpaka ncha imekaribiana na kile kijino cha nyuma yake kinachomzuia samaki asichomoke. Ukiikunja tena kwa plaizi ndoano iliyofunguka, inarudi kwenye umbo lake, lakini chuma kimeshachoka pale pale palipokunjwa. Itafunguka tena, na itamsubiri samaki mkubwa ndiyo ifunguke.

## Kwa nini ukali una kazi kubwa ziwani kwetu

Mshipi wa nailoni hunyumbuka. Ukiwa umeachia mita 30 au zaidi, sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako inaishia kwenye kunyumbuka huko, na kinachoifikia ndoano ni kidogo. Kwenye migonzo, yaani kamba ndefu yenye ndoano nyingi inayoachwa majini, hakuna hata mkono wa kuvuta: samaki anajichoma mwenyewe usiku, wewe ukiwa umelala. Kwa hiyo ncha inatakiwa iingie kwa nguvu ndogo, na njia ya kuipa uwezo huo ni kuifanya iguse eneo dogo kadiri inavyowezekana.

Halafu fikiria mdomo wenyewe. Taya la sangara lina mfupa mgumu, na sehemu laini ni chache. Kambare ana kichwa cha mfupa na mdomo wenye ngozi ngumu. Ncha butu ikikutana na mfupa huteleza, na ule mteleko ndio unaousikia mkononi kama samaki aliyegonga akaachia. Ncha kali hukamata pale pale ilipogusa, na samaki akigeuka inazama.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: chambo hai. Wanaotumia kambare wadogo kama chambo wanajua ngozi yake ilivyo ngumu. Ndoano butu inalazimishwa, inachana tundu kubwa, na chambo kinakufa mapema au kinachomoka wakati wa kurusha. Ndoano kali inapita kwa tundu dogo na chambo kinaendelea kuchezacheza, jambo ambalo ndilo linalomwita sangara.

## Vifaa

Vyote vinapatikana mjini Mwanza kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na vya mafundi.

- Tupa ndogo bapa yenye meno laini sana. Zile tupa nyembamba za sonara na mafundi saa zinafaa. Tupa ya panga haifai, na tupa ya msumeno ni ya ndoano kubwa kabisa peke yake.
- Msasa wa maji, namba 600 na namba 1000, uliza kwa wanaouza rangi za magari. Kata kipande, ukigandishe kwa gundi kwenye kijiti bapa kilichonyooka, kama rula ya mbao. Hiki kijiti ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote.
- Plaizi, pamoja na ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli wa kufunga mikono yake.
- Kalamu ya maka, nyeusi.
- Kitambaa cha pamba, mswaki wa zamani, na mafuta kidogo ya kupikia.
- Miwani, hata ya jua. Ndoano ikiruka kutoka kwenye plaizi huruka kuelekea usoni.
- Simu yenye kamera nzuri, kwa ajili ya kukuza ncha na kuiangalia.

Tupa ya kucha ya saluni nayo inafanya kazi ukiwa safarini. Chagua ile ya chuma yenye vumbi gumu juu yake, ile ya karatasi inaisha haraka.

Jiwe la kunolea visu lenye pande mbili litumie upande wake laini tu. Ule mwingine unafanya kazi ileile mbaya ya tupa ya panga.

## Hatua ya 1: Safisha na ukague

Sugua ndoano kwa mswaki na maji safi, ondoa ute wa samaki, matope na kutu ya juujuu, kisha ikaushe kwa kitambaa. Uchafu unaziba meno ya tupa, na tupa iliyoziba huteleza badala ya kukata, ndipo mtu anaongeza nguvu na kuharibu.

Iweke kwenye mwanga na uangalie vitu vitatu: kiuno kimefunguka? Tundu la kufungia mshipi lina ukingo mkali unaoweza kukata nailoni? Ncha imenyooka? Ikiwa ncha imepinda pembeni kidogo tu, tupa itaiondoa. Ikiwa imekunjika mpaka unaiona kwa macho bila kukaza, usijaribu kuinyoosha kwa plaizi. Itakatika, kama si mkononi mwako basi mdomoni mwa samaki.

Hatua imefanikiwa ukiwa na ndoano kavu, safi, ambayo umeamua kwa dhati kwamba inastahili kunolewa.

## Hatua ya 2: Pima kabla ya kugusa tupa

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo ndoano nyingi nzuri zinapoharibikia. Usinoe ndoano ambayo haijathibitika kuwa butu.

Weka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, ikiwa imelala mshazari, si wima. Ivute taratibu bila kukandamiza, uzito wa ndoano wenyewe unatosha. Ncha kali inakwama papo hapo na kukataa kusogea. Ncha ya wastani inasogea huku ikiacha mstari mweupe. Ncha butu inateleza kama kwamba hakuna kitu.

Kipimo cha pili ni cha mwanga. Washa tochi, geuza ncha ikuangalie usoni, uizungushe polepole. Ncha kali haina sehemu ya kurudisha mwanga, kwa hiyo huoni kitu pale mwisho. Ukiona kidoti kinachometa, hicho kidoti ni ubapa: ndiyo butu yenyewe unaiangalia. Piga picha kwa simu ukiwa karibu, kisha uikuze. Ndoano iliyogonga mwamba wa hapa kwetu mara nyingi utaikuta ncha imejikunja upande mmoja na kufanya kikwato kidogo sana, ambacho kwa macho ya kawaida hukioni, na kwa ukucha unakisikia kikikwaruza upande mmoja na kuteleza upande mwingine.

Ikikwama kwenye ukucha, iache. Rudi ukavue.

## Hatua ya 3: Paka wino, kisha bana

Paka ncha yote kwa kalamu ya maka, kuanzia mbele ya kijino mpaka mwisho. Wino utakuonyesha tupa inagusa wapi. Bila wino unabahatisha.

Bana ndoano kwa plaizi kwenye kiuno, pale inapopinda, si kwenye ncha wala kwenye kijino. Funga mikono ya plaizi kwa ukanda wa tyubu ili isifunguke. Ncha itazame juu, mbali na tumbo lako na mbali na kiganja kinachoshika plaizi. Egemeza mkono unaoshika plaizi juu ya meza au kwenye ukingo wa mtumbwi ulio nchi kavu.

Usinoe ukiwa ndani ya mtumbwi unaoyumba. Kama ni lazima ukiwa majini, tumia kijiti cha msasa peke yake na ufanye misuguo miwili mitatu, mengine subiri ufike mwaloni.

Ukisukuma ndoano kidogo kwa kidole kutoka upande wa nyuma na haichezi, umebana sawasawa.

## Hatua ya 4: Ubavu wa kwanza

Laza tupa kwenye ubavu wa ncha ikifuata mteremko uliopo. Sukuma kutoka karibu na kijino kuelekea mwisho wa ncha, mara moja, kwa wepesi. Inua tupa, irudishe ilipoanzia, sukuma tena. Usisugue kwenda na kurudi: tupa hukata ikienda mbele tu, na ikirudi inakwangua ncha na kuipindisha.

Wapo wanaosukuma kinyume, kutoka kwenye ncha kwenda nyuma, na wana sababu yao: njia hiyo huacha nyuzi chache za chuma mwishoni. Lakini kwa mkono ambao haujazoea, meno ya tupa hushika ncha na kuikunja. Anza na njia ya kwanza.

Baada ya msuguo wa kwanza simama, angalia wino. Ikiwa umefutika kwa usawa kutoka nyuma mpaka mbele, pembe yako ni sahihi. Ukifutika mwishoni tu, umeinua mkia wa tupa, na unachonga ncha nene, fupi. Ukifutika karibu na kijino tu, umeushusha mno: hujagusa ncha, na unakula chuma kinachoishikilia.

Misuguo mitatu mpaka mitano inatosha kwa ndoano ya kawaida. Ukishafika kumi na bado hujapata ncha, ama tupa yako imekwisha, ama ndoano ni ya kutupa.

## Hatua ya 5: Ubavu wa pili

Geuza plaizi, ufanye vilevile upande wa pili, kwa idadi ileile ya misuguo. Idadi ina maana hapa. Ukisugua mara nne upande huu na mara nane upande ule, ncha inahama kutoka katikati, na ndoano itaingia ikiwa imepinda, kisha itakunjika hukohuko.

Tazama kwa juu, ncha ikikuelekea. Ukiona imekaa katikati ya waya, umefaulu.

## Hatua ya 6: Mgongo wa ncha

Ncha ina upande wa ndani, unaotazama mguu wa ndoano (ile sehemu iliyonyooka) na ndiko kijino kiliko, na upande wa nje. Upande wa nje ndio ninaouita mgongo. Sukuma tupa mara mbili au tatu kwenye mgongo huo, ukiilaza bapa.

Sasa ncha yako ina nyuso tatu, na pale nyuso zinapokutana kuna makali matatu. Ncha ya duara inalazimika kutanua nyama ili ipite. Ncha ya nyuso tatu inakata njia yake. Kwa mdomo mgumu wa sangara na kambare tofauti hiyo unaisikia mkononi.

Onyo mbili. Upande wa ndani usiuguse kwa tupa: utakata kijino, au utakidhoofisha kiondoke na samaki. Na usivutwe na tamaa ya kuifanya ncha iwe ndefu na nyembamba kupita kiasi. Ncha ya namna hiyo inafaulu vizuri sana kipimo cha ukucha, halafu inapogusa mfupa inajikunja. Kipimo ninachokitumia ni mteremko wenye urefu wa karibu mara tatu ya unene wa waya. Kwa sato unaweza kurefusha kidogo, kwa sababu mdomo wake ni laini. Kwa sangara wa mawe, wale wanaokaa pembeni mwa miamba, ninaiacha fupi zaidi, kwa kuwa najua itagonga jiwe kabla ya kugonga samaki.

## Hatua ya 7: Ondoa nyuzi za chuma

Tupa huacha nyuzi nyembamba za chuma zilizojikunja pale mwishoni. Zinadanganya: ukipima kwa ukucha ndoano inakwama, unafurahi, unaenda majini, nyuzi zinakatika kwenye samaki wa kwanza na chini yake kuna butu. Wengi wanaosema "nilinoa ikawa kali halafu ikaisha hapohapo" waliishia hapa.

Chukua kijiti cha msasa namba 1000 (namba 600 kwa ndoano kubwa sana). Gusa kila uso mara moja au mbili kwa wepesi kabisa, ukifuata pembe ileile. Kisha pitisha ncha kwenye kitambaa cha pamba. Ikivuta uzi wa pamba kwa pembeni, bado kuna nyuzi, rudia msasa. Ikitoboa na kutoka bila kuvuta, imekuwa tayari.

## Hatua ya 8: Pima tena, kisha paka mafuta

Rudia kipimo cha ukucha, pande zote: ncha ikilala kushoto, ikilala kulia, na ikilala chali. Ikikwama pande mbili na kuteleza upande mmoja, rudi kwenye uso wa upande huo kwa msuguo mmoja wa msasa. Rudia na kipimo cha tochi. Kile kidoti kinachometa kiwe kimepotea.

Sasa kumbuka kwamba pale uliponoa umeondoa utando wa kiwandani. Chuma kiko wazi, na maji ya ziwa, japo si ya chumvi, yataanza kukipaka kutu haraka. Futa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kupikia, kisha futa tena kwa upande mkavu. Usitumie dizeli wala mafuta ya injini. Kambare anategemea sana harufu na ladha katika kutafuta chakula, na hakuna sababu ya kumpa harufu ya gereji.

## Mambo matatu ya kuacha leo

Mwamba. Mji wetu umekaa juu ya miamba ya itale (graniti), na kishawishi cha kusugua ndoano kwenye jiwe la karibu ni kikubwa. Itale ina chembe kubwa ngumu zisizolingana. Inachimba mifereji kwenye ncha na kuiacha na meno meno. Ukiwa huna kitu kingine na ndoano imekufa kabisa, sawa. Vinginevyo hapana. Sakafu ya saruji ni hivyohivyo.

Jiwe la umeme. Mafundi wa kuchomelea ni watu wazuri, lakini usimpelekee ndoano. Ncha ni ndogo mno, inapata moto kwa kufumba na kufumbua. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya kahawia au bluu, ugumu wake umeshaondoka. Hata ukiinoa upya kwa mkono, itakunjika.

Kunoa kwa mazoea. Kuna watu wanaosugua kila ndoano kila asubuhi. Kila msuguo ni chuma kisichorudi. Pima kwanza, kila mara.

## Migonzo: ndoano mia kadhaa kwa mkono mmoja

Mwenye migonzo hawezi kuzipitisha ndoano zote kwenye hatua nane, na hahitaji. Fanya ukaguzi wakati wa kupanga kamba kwenye beseni au sanduku, kwa sababu wakati huo kila ndoano inapita mikononi mwako hata hivyo.

Unapoishika, iguse kwenye ukucha. Inayokwama, iendelee. Inayoacha mstari, ipe msuguo mmoja wa msasa kila uso. Inayoteleza, kata na uweke nyingine, na hiyo iliyokatwa iingie kwenye kopo la kunoa siku ambayo upepo umekuzuia kwenda. Vaa kitambaa au glavu kwenye mkono unaoshika kamba, maana ndoano ya jirani ndiyo inayochoma, si ile unayoiangalia.

Zipe macho zaidi ndoano za sehemu ya kamba iliyolala kwenye mawe. Ukipandisha kamba asubuhi na sehemu fulani ikatoka imekwama mara kwa mara, weka alama ya uzi wa rangi pale. Ndoano zilizokaa juu ya tope mara nyingi hutoka salama, na kuzinoa zote kwa usawa ni kuzimaliza bila sababu.

Ndoano nyingi za migonzo zimepindishwa kidogo pembeni kiwandani. Usijaribu kuzinyoosha, upindo huo umewekwa ili ncha ishike samaki anapogeuka. Zile za duara, ambazo ncha yake inatazama ndani kuelekea mguu, noa mgongo na mbavu kwa msasa peke yake. Kazi yake ni kuteleza mpaka kwenye kona ya mdomo ndipo ishike, kwa hiyo hazihitaji ukali uleule.

## Chambo bandia chenye ndoano za pembe tatu

Wanaokokota chambo bandia kutafuta sangara wana kazi ya hatari zaidi, kwa sababu ukinoa ncha moja nyingine mbili zinakusubiri. Kata vipande vifupi vya mrija wa soda, uvishe ncha mbili, unoe moja, kisha uhamishe. Bana mguu wa ndoano kwa plaizi, usishike mwili wa chambo kwa kiganja. Ncha inayoning'inia chini ndiyo huchoka kwanza, ianze hiyo.

## Kuhifadhi

Ndoano iliyonolewa ikae kavu. Kipande cha ndala ya zamani kinafaa sana kuchomekea ndoano kwa sababu hakinyonyi maji. Sponji ya godoro inanyonya na kuyashikilia maji, ukichomeka jioni asubuhi ncha imeota kutu. Kopo lenye mfuniko na mchele mkavu kidogo ndani yake litasaidia kupunguza unyevu.

Zilizotumika zisichanganywe na mpya. Kutu na maji ya ndoano moja yanazifikia zilizo jirani.

Na zile ulizoamua kuzitupa, usizitupe ufukweni. Watoto wanakanyaga pale pekupeku. Zikate ncha kwa plaizi, uzitie kwenye chupa ya plastiki, uifunge.

## Ikikuchoma

Ndoano kali inaingia kirahisi kwako pia. Ikiwa imeingia kwa ncha tu, kabla ya kijino, itoe kwa njia ileile ilimoingilia, osha kwa maji safi ya bomba na sabuni. Usioshe kidonda kwa maji ya ziwa: yana vijidudu, na kuingia kwenye maji ya ufukweni kunaweza kukupa kichocho pia.

Ikiwa kijino kimezama, kata mshipi, tuliza ndoano kwa kitambaa isicheze, uende kituo cha afya. Ikiwa iko karibu na jicho, usiiguse kabisa, usiivute, funika bila kukandamiza na uwahi hospitali. Popote itakapokuchoma, muulize mhudumu kuhusu chanjo ya pepopunda, na umwambie mara ya mwisho ulichanjwa lini.